Kwa Mama, Aliyekariri Mgongo wa Gauni

Mama yangu mpendwa,

Nimerudi sasa hivi kutoka Mudaka, na hii nyumba ya Muhumba imenyamaza kupita kiasi. Ningekuwa na mtu wa kumsimulia nisingekuandikia.

Kazi yangu unaijua: nachunguza jinsi wanawake wa Bukavu walivyowapenda waigizaji wa sinema za zamani. Wenzangu chuoni hunicheka. "Vita iko, weye unaandika juu ya robe, magauni ya sinema?" Nawaacha waseme. Wao hawakulelewa na wewe.

Ulinisimulia jikoni kule Cimpunda, ukichambua majani ya sombe. Filamu ilionyeshwa mara moja tu katika ukumbi wa parokia, nanyi marafiki watano mlitaka kujishonea gauni kama la mwigizaji wake mkuu. Basi mkagawana kazi kabla ya kuingia: huyu akariri mikono, yule kola, yule mifuko, yule mkanda. Wewe ukapewa mgongo. Wenzako walipofurahia uso wake, wewe ulikuwa unasubiri ageuke. "Sura yake siijui," ulisema, "lakini ule mugongo ningeutambua hata mu soko." Tulicheka sana siku ile.

Mwezi uliopita niliipata filamu hiyo, nikaitazama peke yangu. Mwishoni anamwacha mumewe na kwenda zake, anatembea muda mrefu, na kinachoonekana ni mgongo tu. Hukuwahi kuniambia kwamba anaondoka. Nilijikuta nakuuliza kwa sauti, halafu nikaona aibu.

Ndiyo maana nimekwenda Mudaka kwa Maman Sifa, aliyebaki peke yake kati yenu watano. Amezeeka, mambo yanamchanganya. Mikono ya gauni ameieleza vizuri, mpaka vifungo. Nikamuuliza kama ulisema lolote mlipotoka ukumbini. Akanishangaa.

"Miye nilikuwa na mikono tu. Ya mugongo uliza mama yako. Si iko ku nyumba?"

Nikajibu, "Ndiyo, maman. Nitamuuliza."

Basi nakuuliza, mama. Ulipomwangalia yule mwanamke akienda zake, ulitamani kumfuata? Baba naye ametangulia, hutamkosea mtu. Wala sitaliandika jibu lako popote. Nilitaka tu unijibu wewe, kwa sauti yako.

Lala salama, mama.

Binti yako, ambaye hukumwacha