Valvu Ulizotuachia Mezani

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu Mama afunge mlango wa chumba cha nyuma na kuutumbukiza ufunguo kwenye kopo la sukari. Ulitoka asubuhi ukikohoa, ukasema hospitali ni kwenda na kurudi. Meza yako uliiacha kama mtu anayerudi: bisibisi ubavuni, miwani juu ya kitambaa, ile amplifaya ya zamani katikati, soketi zake mbili za nyuma zikiwa tupu kama fizi, na mbele yake maboksi mawili ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti. Hukurudi. Na hakuna aliyethubutu kugusa.

Watakaosoma hapa na hawakukujua, wajue hivi: ulikuwa fundi wa redio na amplifaya, na ulikuwa mwoga. Usikasirike, ulisema mwenyewe. Mkono wa kulia ukiwa ndani ya mashine, wa kushoto uliuzamisha mfukoni, maana umeme ukipata mikono miwili, ulisema, unakatiza kifuani kama mtu anayepita uani kwa jirani. Suruali zako zote zilitoboka mfuko huo huo. Mama alishona mpaka akachoka, akasema bora akushonee gunia.

Hata mashine iliyochomolewa tangu jana uliiendea kama inayong'ata. "Kapasita ni mbwa aliyelala," ulituambia, ukituonyesha kile kikopo kinachoweka umeme tumboni hata waya ukishatoka ukutani. "Usimwamini kwa sababu kafumba macho." Ndipo wateja wakakubandika jina la Pima Kwanza, na ukalipenda. Redio ya yule bibi mshonaji wa jirani uliitengeneza bure, halafu kila ukipita pale unasimama dirishani kusikiliza kama inakwaruza, yeye akidhani umekuja kumsalimia. Basi na kumsalimia ukamsalimia.

Mdogo wako, Baba Mdogo wetu, mchomeleaji wa mageti, yeye alikufanya mchezo wake. "Kaka, wewe ukipewa yai utalipima volti kabla hujalipasua."

Nawe unamjibu bila kuinua kichwa: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Tukaamini, Baba. Ndiyo maana kilio kilipokuja kwetu kilitukuta hatujajiandaa.

Ile amplifaya uliiokota kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa, ukaibeba begani kama mtoto mgonjwa. Ukaipigisha santuri kila siku ya mapumziko, mchana, Mama akiwa kanyoosha miguu juu ya kigoda. Kitu kimoja tu ndani yake hukukifanyia mzaha: transfoma, lile donge zito la chuma linaloigawia mashine nzima umeme. "Valvu inanunuliwa," ulisema. "Hii hakuna aliyebaki wa kuisuka. Ikiungua, tumezika."

Kisha zile valvu mbili za kutolea sauti zikachoka, zikaanza kuikohoza santuri, na hapo ndipo ulipokwama. Boksi la kwanza lilikuwa la Vijiti, valvu nyembamba, aina iliyozaliwa na mashine. Boksi la pili lilikuwa la Mapipa, manene, yenye sauti ya kifua kipana, ila nyuzi zake za ndani zinakunywa umeme mara mbili, na transfoma ya kizee ingechemka mpaka itoe moshi. Ukashika haya, ukashika vile. Ukaweka. Ukashika tena.

"Hivi wewe," Mama alikuuliza, "mke ulimchagua kwa muda gani?"

"Sikuchagua. Nilichaguliwa."

"Basi ngoja valvu nazo zikuchague."

Tukacheka. Tukajiambia Baba hatachagua mpaka kiama. Na ulipoondoka, wote tuliamini umeondoka hujaamua.

Juzi, siku hii ilipokaribia, Mama alitoa ufunguo kwenye sukari, akaufuta kwa kanga, akampa kitinda mimba wako, yule aliyekuwa akikumulikia kwa simu tangu hajui kusema kapasita.

"Nataka kuisikia siku ya baba yenu," akasema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Kitu kingine chenye sauti yake humu ndani sina. Ikiungua ile, nitakuwa nimefiwa mara mbili. Ya kwanza sijui niliiwezaje. Ya pili sitaiweza."

Binti yako akaupokea ufunguo, Baba. Tangu hapo akifumba macho tu anaona moshi. Mara anaona Mama kakaa kwenye kile kigoda, kimya, kama alivyokaa wiki ile ya msiba.

Mchana wa jana akaingia. Vumbi, harufu ya risasi ya kulehemu, na koti lako kwenye msumari. Baba Mdogo akamfuata, akaegemea kizingiti.

"Weka Mapipa," akasema. "Mtaa mzima usikie kwamba kaka alikuwepo."

"Baba aliyaogopa Mapipa."

"Kaka aliogopa hata kivuli cha waya."

"Ndiyo hivyo, Baba Mdogo. Sasa mimi nifanye asilotaka, leo hii, halafu Mama nimwambie nini?"

Binti yako akachukua Vijiti, akavichomeka. Alijiambia mwoga angechagua Vijiti, na wewe ulikuwa mwoga, basi Vijiti. Wala hakufungua bamba la chini. Tumbo la ile mashine alilijua kama kiganja chake, alilimulika miaka. Nani ampasue mgonjwa anayemjua? Ndivyo ilivyokuwa, mzee wa Pima Kwanza: mtoto wako mwenyewe hakupima kwanza.

Kitu kimoja alikikumbuka, ile balbu yako ya ubaoni. Umeme unapitia kwenye balbu kabla ya kuingia kwenye mashine. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, pumua. Ikikataa kufifia, chomoa. Akaiunganisha, akasogea nyuma, akawasha.

Balbu ikawaka chumba kizima. Ikafifia. Baba Mdogo akashusha pumzi. Kisha, polepole, kama mtu anayefungua jicho moja, ikaanza kurudi.

"Ni kawaida hiyo?" Baba Mdogo akauliza.

Binti yako alikuwa anaangalia Kijiti cha kulia. Tumboni mwake, pale penye bati la kijivu, doa jekundu lilikuwa linaota. Likawa kubwa kama ukucha, kisha kama shilingi. Harufu ya vumbi linaloungua ikapanda, na nyuma yake harufu nyingine, tamu, ya rangi ya transfoma ikipata moto. Alijua la kufanya na mwili haukutaka.

"Chomoa, mwanangu, chomoa," Baba Mdogo akasema kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake.

Akachomoa. Doa likafifia. Walipogeuka, Mama alikuwa mlangoni.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Imekufa?"

"Sijui, Mama."

"Utajuaje?"

"Mpaka niifungue."

Na hapo ndipo woga wenyewe ulipokuja, Baba, maana sasa mbwa alikuwa ameshiba. Kapasita zilikuwa zimejaa, na mkono uliotakiwa kuingia mle ni wa mtoto wako. Gauni lake halina mfuko. Akasimama akitafuta pa kuuweka mkono wa kushoto, akakosa. Mama akaja nyuma yake, akaushika ule mkono, akaukumbatia kwa mikono yake miwili mgongoni pa binti yake.

"Mama, niachie. Tukigusana, nikinaswa unanaswa."

"Sasa nifanye nini mimi?"

"Kaa pale. Usinisemeshe."

Mama akakaa. Binti yako akauchomeka mkono nyuma, kwenye mshipi wa gauni. Kwa ule mwingine akang'oa Vijiti, kisha kupitia matundu ya soketi akamwaga umeme wa kapasita taratibu, kwa ule waya wako wenye rezista nene, kile kizuizi kinachoupunguza umeme kasi, akapima, akapima tena, akasubiri mshale wa mita ulale kabisa. Ndipo akalegeza skrubu.

Mle ndani hapakuwa alipopajua.

Kwenye miguu ya soketi palikuwa na rezista mpya, mikanda yake ya rangi siyo ile ya zamani. Na pembeni, pamebanwa pale ambapo siku zote palikuwa patupu, palikuwa na transfoma ya pili, ndogo kama kipande cha sabuni, imefungwa mara nyingi kwa uzi wa kijani.

"Huo uzi wangu," Mama akasema kutoka alipokaa. "Niliutafuta nyumba nzima."

Binti yako alifuata nyaya kwa kidole, moja baada ya nyingine. Zote zilikwenda kwenye zile soketi mbili. Ile ndogo ilikuwa na kazi moja tu duniani: kuzilisha umeme nyuzi za Mapipa, ili transfoma ya kizee isiubebe mzigo huo. Na ile rezista mpya iliwekwa kwa kipimo cha Mapipa. Vijiti viliingia pale kama mtoto aliyetwishwa gunia la mpagazi. Ndiyo maana kimoja kiliwaka tumbo.

Ulishaamua, Baba. Ulikwishachagua, ukafunga bamba, ukakaza skrubu zote, na huku sisi tunakucheka unaendelea kushika boksi hili na lile kama hujui.

"Mwone huyu," Baba Mdogo akasema. Akavua kofia. "Kanyamaza nalo. Mimi namtania, yeye kanyamaza nalo."

Binti yako akapima transfoma kubwa. Upande mmoja, salama. Upande wa pili mkono ulikuwa unamtoka jasho mpaka ncha ya mita ikateleza, akajifuta, akarudia. Salama.

Akarudisha bamba la chini, akafungua boksi la Mapipa. Yalikuwa mazito, baridi. Akayachomeka. Na baada ya hapo, Baba, hakuna aliyeigusa swichi. Aliyeliona doa lile jekundu mara moja hatamani kuliona tena. Baba Mdogo aliangalia balbu, binti yako aliangalia Mama.

Mama akavuta kigoda mpaka mezani. Akalaza kiganja chake juu ya ganda la transfoma kubwa, kama anavyotupima homa.

"Washa," akasema. "Joto la kuumiza nitalijua kabla ya moshi wenu."

Balbu ikawaka. Ikafifia. Tukaisubiri irudi. Ikabaki imefifia. Mapipa yakaanza kuwa na rangi ya machungwa ndani kabisa, kwa mbali, na spika ikatoa ule mguno wake mdogo wa kuamka. Binti yako akaiteremsha sindano kwenye santuri, ile ya siku zote, na besi ikaja ya kifua kipana kama ulivyotaka.

Hatukuusikiliza wimbo, Baba. Tukuambie kweli. Wote tulikuwa tunauangalia mkono wa Mama. Mara moja alikunja uso, na binti yako akashika waya tayari kuchomoa. Mama akatikisa kichwa, akabadilisha tu namna ya kukaa. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Transfoma ikapata joto, ikafika mahali, ikakaa hapo hapo.

Upande ukaisha. Sindano ikabaki inakwaruza katikati. Mama akaondoa kiganja, akakinusa, akakiangalia pande zote mbili. Kisha akanyoosha miguu.

"Geuza upande wa pili," akasema.

Unakumbukwa na mkeo. Na mdogo wako mchomeleaji, ambaye tangu jana hajamtania mtu. Na kifungua mimba wako aliyeko safarini, aliyesikiliza yote kwenye simu. Na kitinda mimba wako, Pima Kwanza wa sasa. Na wakwe, wajukuu, pamoja na bibi mshonaji wa jirani, ambaye redio yake bado haikwaruzi.

Kukusahau hatuwezi, Baba, leo wala siku yoyote.