Tiketi ya Mtazamaji

Shosti, nimeumbuka. NIMEUMBUKA.

Si unajua wiki nzima nimehangaika na tiketi za bustani ya michezo? Ya siku moja, ya siku mbili, ya familia. Nikaona mama mkwe, kwa magoti yale, nimkatie ya mtazamaji. Anaingia, anakaa kivulini, hapandi kitu. Nikajiona mjanja.

Tumefika getini, mkagua tiketi akapaza sauti kama yuko mnadani: "Mtazamaji ni nani hapa?"

Mama mkwe akageuka. "Mtazamaji?"

Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Mwanangu, yaani nimenunua raba mpya nije kutazama?"

Nikamwangalia mume wangu anitetee. Anasoma ramani. Ramani yenyewe kaishika kichwa chini miguu juu!

Nikajikuta nasema, "Hapana mama, ya mtazamaji ni yangu."

Mdomo huu, shosti! Mdomo huu!

Sasa hivi niko kwenye benchi na mikoba minne, na meno ya bandia ya mama mkwe nimeyafunga kwenye leso, maana lile treni la angani analopanda linapinduka na watu ndani. Ameshapanda mara tatu.

Kila akipita juu ya kichwa changu anapiga kelele, na hata bila meno namsikia vizuri sana:

"Mtathamaji! Umenipiga picha?"