Samadi ya Nashipai

Endamarariek,
Karatu,
Mbulu.
18 Agosti 1978

Mpendwa dada Germana,

Shikamoo. Hamjambo huko Tabora, wewe, shemeji na watoto? Kifua cha mdogo kimepona? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baridi ni kali, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mama anakusalimu sana.

Dada, nakuandikia kwa aibu. Afadhali usikie kwangu kuliko kwa watu.

Kiwanja tulichopewa tulipohamishiwa kijijini ni kibaya. Udongo ni mwekundu, mgumu, na ndago zimejaa. Ukilima, mvua moja tu zimerudi. Mwezi wa nne nilipanda maharage, yakatoka machache, ya njano. Hayo nayo yakakanyagwa na ndama wa Nashipai, mama wa Kimasai mwenye boma chini ya kilima. Nikamfuata kisimani. Mbele ya wanawake wote nikamwambia, "Rudi porini na ng'ombe zako, unanuka!" Alichukua maji yake akaondoka.

Baadaye bwana shamba alinielekeza nichimbe ndago mpaka vile vitunguu vyake vya chini, nivianike juani, kisha nichanganye udongo na samadi iliyooza. Kuchimba nilichimba, mikono ikatoka malengelenge. Lakini samadi? Ng'ombe wetu walikufa kwa ndigana mwaka jana, na boma lenye samadi karibu nasi ni lile la Nashipai tu. Nikasema heri tukose mboga. Nilisema hivyo huku najua mama ameambiwa hospitali kwamba damu imepungua, ale majani kila siku.

Asubuhi moja niliamka, mama hayupo. Nikamwona anapanda kilima, ameinama, kapu la samadi mgongoni. Nyuma yake Nashipai anaswaga punda wawili wenye magunia.

Nilipokimbia kumpokea, mama akasema, "Nimeomba mimi. Wewe endelea kununa."

Nashipai alishusha magunia nje ya ua. "Huyu ni mama," akaniambia. "Abebe mbolea na mimi nina punda?"

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Nilisema ahsante tu, tena kwa sauti ndogo.

Mchicha niliopanda kwa samadi hiyo umestawi sana. Mama anakula, na sasa anafika kanisani bila kupumzika njiani. Fungu la kwanza nilimpelekea Nashipai. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akawapa punda. "Sisi hatuli majani," akasema, "na hawa ndio walibeba." Wanawake wa boma wakacheka. Nikacheka nao, lakini machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa nimepeleka mboga ili nisiseme samahani, na nadhani alijua.

Jumapili nilirudi mikono mitupu, nikamwomba radhi. Aliendelea kukamua. Mwisho akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Siku hizi tunasalimiana. Nikimkaribisha ndani anasema, siku nyingine. Naendelea kumkaribisha.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ukimwona shangazi Blandina mwambie tunamkumbuka. Mume wangu Bartolomeo naye anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na mimi uniombee.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Evarista