Siku Mia na Kumi na Mbili za Bibi

Ruwi, Maskati
14 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Zakiya,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo, alhamdulillah, ila joto limeshapamba moto. Nampa Harub aje nayo Unguja kesho pamoja na halwa. Ukikuta halwa imepungua, muulize yeye.

Bibi Masouda, mama yako, hajambo kabisa. Tena ndiye aliyeniponza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza chuoni alitutaka tujifunze kila siku kwa programu ya simu. Inahesabu siku zako, ukikosa moja unarudi sifuri, na siku hizo zina maksi. Wenzangu wengi wanaipenda kwa kuwa simu haikucheki ukikosea. Mimi niliipendea uvivu: nikichoka, nampa Bibi anishikie zamu. Mwishowe zamu zote zikawa zake, kila baada ya Alasiri, miwani puani na kahawa pembeni.

Jumatatu tulifanya mazoezi ya kuzungumza. Niliambiwa nieleze nyumbani kwetu kwa dakika mbili. Shangazi, nilisema sentensi moja nikaganda. Mwalimu akatazama simu yangu, siku mia na kumi na mbili, akasema eti nina haya tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilipomsimulia Bibi, alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nnasoma, wewe wahesabu siku." Papo hapo akaniuliza kwa Kiingereza nimekula nini chuoni. Kumwelewa nilimwelewa, kumjibu ndiyo kazi.

Jana nikamwendea mwalimu, nikamwambia siku zile ni za bibi yangu. Akazifuta maksi zote. Sasa nimebakiwa na mtihani wa kuzungumza wa Jumapili tu. Nikianguka, nafasi yangu ya kusomea uuguzi imekwenda. Naogopa, sikufichi.

Bibi amenipiga marufuku Kiswahili mpaka Jumapili. Chai siipati mpaka niiombe kwa Kiingereza, na nikikosea ananirudisha mlangoni nianze upya. Jana nilirudishwa mara nne. Leo mara moja.

Nisalimie Ami Thani na Badr. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote, nawe usinisahau kwenye dua zako. Usimwambie mama yako kuhusu barua hii: nimeiandika kwa kujificha, maana ni ya Kiswahili.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Reem