Sauti ya Nyuma kwa Disque ya Mapendano

Jumatatu, 10 Desemba 2007

Prince alipita tena kwa duka yetu, yule mupiganaji wa pori mwenye kofia ya manjano. Leo alibeba tourne-disque, mashini ya kupiga muziki, ndani ya kitenge, pamoja na disque moja ya trente-trois, sahani kubwa ya nyimbo. Bwana yangu Lévi akamulipa bottes za mvua na sukari. Hatukuuliza ilitoka wapi. Hatuulizaka.

Lakini ile disque! Orchestre Mapendano, ya mwaka sabini na mbili! Kwa pochette, ile karatasi ya kuifunika, wako wale wale vijana wa Bukavu, na mapantalo yao mapana chini. Nilikuwa kasichana Butembo, kwa bar ya mujomba wangu, tukicheza mpaka mavumbi inapanda. Nikatia mawe mupya, betri za radio, nikashusha sindano.

Zamani nilikuwa nasikia guitare tu. Leo nasikia ingine. Saxophone inachelewa kidogo, kama mugeni wa arusi. Na nyuma ya sauti ya mwanaume iko mwanamuke anaimba. Sikumusikiaka hata siku moja! Anamuacha mwanaume atangulie, kisha anamufuata polepole, kama mutu anamubebea muzigo. Jina yake haiko kwa pochette. Katika wimbo ya pili ya face B, ule upande mwingine, sindano inaruka: «ng'ambo» inakuwa ng'a—ng'a—ng'a. Watu walicheka sana. Tuliuza bière yote.

Inje, watu wa Masisi walikuwa wanakimbia vita, magodoro kichwani. Nikaongeza sauti.

Jumatano, 12 Desemba

Naona haya. Niandike tu.

Mama moja wa wakimbizi, wale wanalala kwa vyumba vya masomo, alikuja kusimama kwa baraza. Disque ilikuwa inacheza. Akasema taratibu: ile sauti ya nyuma njo mimi, ni ya kwangu.

Nikacheka. Mbele ya watu wote nikamujibu: «Na mimi, mama, njo nilipiga guitare!» Duka nzima ikacheka. Bienvenu, chauffeur wa camion ya mizigo, karibu amwage bière yake.

Hakukasirika. Alingoja. Pahali pa mwanamuke pakafika, naye akafungua kinywa. Sauti imeshuka, imekuwa nzito. Lakini iko ile! Inamufuata mwanaume vile vile, polepole. Hakuna mutu alicheka tena. Bienvenu akavua kofia.

Anaitwa Mama Athanasie. Aliimba ile na miaka kumi na tisa, kule Bukavu, kisha akaolewa Karuba, na baba-mukwe akakataza mambo ya orchestre. Mume wake njo alimununulia disque, wasikilize wawili nyumbani, mulango imefungwa.

Sindano ikaruka. Akatabasamu. «Ya kwetu pia inaruka pale pale! Bwana yangu, Papa Mbonigaba, aliiangusha siku ya ubatizo wa mutoto wetu Aimée.»

Disque mbili haziruki pahali pamoja. Yeye hakuwaza kitu. Mimi niliwaza.

Ijumaa, 14 Desemba

Nimemwambia Lévi kwamba disque ni ya mama yule. Akasema funga kinywa: sisi tunauza, hatuibi. Na ukimurudishia, Prince atajua tulisema, na duka itaungua.

Ni kweli. Lakini naona anafurahi kuwa ni kweli. Na mimi pia.

Nilimupa Mama Athanasie maharagi. Akanibariki mimi na watoto wangu. Afazali angenitukana!

Papa Mbonigaba alibaki Karuba, na ng'ombe. Alimwambia: tangulia, mimi nafuata. Sasa kila camion inapofika, mama anaenda kuuliza chauffeur.

Jumapili, 16 Desemba

Misa. Chorale ya kanisa ilimupa Mama Athanasie nafasi, akaimba. Kwa komunyo nilibaki nimekaa. Lévi akanikanyaga muguu. Sikuinuka.

Mangaribi, giza inaingia, Prince akarudi. Lévi hakuwa. Nikamuuliza, kama muchezo, ile mashini ilitoka wapi. Akacheka. Kwa muzee moja wa Karuba, anasema. Aliikumbatia kama mutoto muchanga, ikabidi wamubandue mikono kwa nguvu.

«Na kisha?»

Akaniangalia. «Mama, unauza sukari ao unauza maulizo?»

Nikamupimia sukari. Nilimupimia! Na nikaongeza kidogo juu, ili aende.

Jumanne, 18 Desemba

Mama Athanasie aliniletea sombe, majani ya muhogo. Sombe! Yeye analala chini kwa simenti ya watu, na ananiletea sombe.

Akakaa karibu yangu. Anasema mimi, Mama Kaswera, ni mama wa duka, kila mutu anapita kwangu, hata wale wa pori. Basi niwaulize juu ya mume wake: mufupi, kilema kidogo mguu wa kushoto, anapenda muziki.

Nikasema nitauliza.

Sombe imekuwa tamu. Nilikula yote, peke yangu, nimesimama.

Jioni Lévi amepatana na Bienvenu: mashini na disque vinaenda Walikale kesho, vikauzwe kule. Amefunga kila kitu ndani ya carton. Ananiambia sasa tutalala. Alilala.

Jumatano, 19 Desemba

Camion inapakia. Lévi iko kwa muzani, ng'ambo ya barabara. Nimetoa mashini ndani ya carton, nimemwita Mama Athanasie aje mbio. Nimefunga mulango na komeo.

Amekaa juu ya mufuko wa chumvi. Amesema weka face B. Nimeweka. Sasa anaimba, macho imefungwa, mikono kwa magoti. Naandika hapa kwa comptoir, meza ya kuuzia, nimemupa mugongo. Anafikiri napiga hesabu.

Nilitaka kusema kabla ya wimbo. Kisha nikasema: katikati. Katikati imepita. Imeruka pale pale, na yeye ameruka nayo, akacheka.

Bienvenu anapiga honi. Lévi anaita jina yangu.

Nitamwambiaje? Kama walimubandua mikono tu, basi muzee iko hai. Prince hakusema amekufa! Lakini Prince aliniangalia, na ile macho naijua.

Wimbo imeisha. Sindano inazunguka bure, fss, fss. Haimbi tena. Nasikia amesimama, nageuka. Iko mbele ya mashini, mukono yake inapita juu ya kifuniko, polepole, inatafuta alama kwa kona, kama mutu anaijua, imeipata.

Lévi anagonga.

«Mama Kaswera,» Mama Athanasie ananiambia, «juu ya nini umefunga mulango?»