Maelezo kuhusu Tundu Lililokutwa Chini ya Ngazi ya Bwawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina analotambulika kwalo: Fundi Magodoro
Umri: miaka 61
Kazi: kushona na kukarabati magodoro
Makazi: nyumba ya pili kutoka kona, inayopakana ukuta na nyumba yenye bwawa
Uhusiano na mtuhumiwa: baba mzazi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Nimemwomba Koplo anayeandika asinipunguzie maneno, kwa kuwa mimi ndiye ninayewaandikia majirani barua za maombi, na sijapata kurudishiwa hata moja kwa kosa la lugha.

Jirani yangu, ambaye mtaa mzima humwita Kapteni ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi, ana bwawa la kuogelea lisilochimbwa ardhini. Limesimamishwa juu ya mchanga kwa nguzo za chuma, ndani lina turubai nene ya plastiki, na huingiwa kwa ngazi ya chuma. Ukuta unaotutenganisha ni mfupi. Watoto wake wakijirusha, maji huruka na kuangukia magodoro tuliyoyaanika. Pamba ikilowa hufanya mabonge, na kazi yote huanza upya.

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye ndiye mshonaji mwenzangu, alipanda juu ya kiti, akachungulia ukutani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi dukani: "Kapteni, ipo siku nitalitoboa bwawa lako kwa sindano hii!" Mkononi alikuwa na sindano ya magodoro, ndefu kama shibiri. Sitaki maneno hayo yafichwe. Aliyasema. Nilikuwepo, na nilicheka.

Baada ya hapo bwawa lilianza kupungua maji. Kapteni alijaza jioni, asubuhi akakuta yameshuka. Alilizunguka kwa nje akilipapasa, akakuta pakavu kote. Kwa kuwa hakuona tundu, alimwona binti yangu.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14, mchana, askari walifika kwenye karakana yetu wakamchukua mbele ya wateja, pamoja na sindano yake. Alikuwa katikati ya mshono. Aliniambia: "Baba, uzi usiukate, nitarudi kumalizia." Hadi naandikisha maelezo haya sijaukata.

Siku iliyofuata nilifika kituoni, nikaomba bwawa likaguliwe mbele yangu. Leo Jumamosi, saa tatu asubuhi, tuliingia uani: Koplo, Kapteni na mimi. Mama mkwe wa Kapteni, anayeishi nao na kutembea kwa fimbo, alikuwa ameketi barazani.

Kapteni akasema: "Haya, Mzee, tafuta tundu la sindano. Si ndiyo fani yenu?"

Koplo alisema amewahi kuona tangi likikaguliwa kwa rangi, maana mahali panapovuja maji huivuta. Nilileta rangi yetu ya vitambaa, nikaomba pampu ya kuchuja maji izimwe ili bwawa litulie, nikavua shati nikaingia.

Nilianza upande wa ukuta wetu, ambako mkono wa binti yangu ungeweza kufika. Nilitia rangi kidogo kidogo kando ya kila mshono. Ilining'inia majini kama moshi, haikwenda popote. Nilipochoka niliishika ngazi ili nipumzike, nayo ikayumba. Nikatia rangi kwenye mguu wake wa kushoto. Ilishuka moja kwa moja ikapotea chini ya chuma. Nikamwita Koplo asogee, nikatia tena. Ikapotea tena.

Tuliinua ngazi. Chini ya mguu ule turubai ilikuwa na mkato wa nusu duara, sawasawa na mdomo wa bomba la ngazi. Maji yalikuwa yakinywewa na mchanga, ndiyo maana nje palikuwa pakavu. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cha mpira wa kijivu. Wa kushoto ulikuwa chuma kitupu.

Koplo akauliza: "Kiatu cha huku kiko wapi?"

Kapteni akajibu: "Vitu hupotea, Afande. Watoto hawa, unawajua."

Mama mkwe akasema kutoka barazani: "Si hiki ulichonivisha kwenye fimbo, baba? Siku ile nilipoteleza?" Akainua fimbo juu ili sote tuone.

"Mama, ingia ndani, jua litakuumiza."

"Jua gani, nami niko kivulini? Mwambie na Afande, kinanikaa vizuri sana."

Koplo aligeukia pembeni akakohoa.

Kapteni alimtendea mkwewe wema, nami simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kuwa aliivua ngazi kiatu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaja kumtafuta mkosaji nyumbani kwangu.

Alinifuata hadi langoni akasema: "Mzee wangu, tuyamalize kijirani. Bintiyo aombe radhi kwa yale maneno tu, nami nifute shauri. Leo hii alale kwenu."

Niliposikia "alale kwenu" nilikuja hapa moja kwa moja. Nilifikisha ujumbe huo kwa binti yangu hapa kituoni, kwa kuwa ni haki yake kuujua. Alinijibu: "Maneno yangu nitayaombea radhi siku atakapoyaomba radhi magodoro."

Hivyo basi, sikuja kumwombea huruma. Naomba atoke kama mtu asiye na kosa, na Kapteni aje aseme hivyo kwenye karakana yetu, mbele ya wateja, mahali alipochukuliwa.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimesomewa, nikayasoma tena mwenyewe. Nimeshauriwa neno "nilicheka" liondolewe kwa faida ya binti yangu. Nimekataa.

Saini: Fundi Magodoro

MAELEZO YA ASKARI: Yameandikwa nami, Koplo wa zamu. Kiatu cha mpira kitachukuliwa kama kielelezo. Shahidi amekuja na kingine alichokikata kutoka tairi kuukuu, akaomba bibi avishiwe hicho kwenye fimbo kabla ya kuvuliwa kile. Mlalamikaji ameitwa. Mtuhumiwa ameachiwa bila sharti lolote na kurudishiwa sindano yake. Kwa kuwa watu walijaa mbele ya kituo, ameelekezwa mlango wa nyuma. Ametokea wa mbele.