Ukuta ya Ine

Kapata, Kolwezi, tarehe 9 juni 2024

Wivine mama yangu,

Jambo yako binti yangu, jambo ya bwana yako Hénock, na jambo kubwa kupita zote ni ya mujukulu yangu Shekina. Muko wazima? Ile kikohozi ya mutoto ilikwisha? Huku tuko wazima. Goti yangu ya kushoto inalalamika kila asubui kama syndicat ya bafanyakazi, lakini hakuna mutu anaisikiliza, basi inaendelea na kazi. Mama yako Adolphine iko na nguvu. Iko na nguvu sana, utaona mbele.

Naandika barua juu simu si yangu tena. Nikisema «allô» tu, mama yako anaweka ile sauti ya kusikilizisha batu bote na kuku pia. Barua inakuya na René wa bus. Mumulipe fanta.

Sasa sikia: tulianza kujenga! Jumanne Papy masoni alichimba fondation pembeni ya nyumba, upande ya jikoni. Chumba moja, metre tatu kwa ine, dirisha moja, mulango moja, ya ninyi batatu. Hénock anaanza kazi mu garage ya makamyo hapa Kolwezi tarehe mbili septemba, na benye manyumba ya hapa banaomba garantie, kodi ya miezi kumi, kama vile unakuya kuoa nyumba, si kulala tu. Mi nikasema baache. Niko na mutoto moja, mujukulu moja, na kiwanja ya bure pembeni ya jikoni. Niliuzisha velo yangu. Usilie. Siku hizi mi njo nilikuwa naibeba, yenyewe haikuwa inanibeba tena.

Papy alikuwa creuseur, muchimbaji wa madini, kule Kasulo mbele ya kuwa masoni. Unamuambia chimba sentimetre makumi sita, anashuka mpaka kifua, anaanza kugeuza mawe na kuyaangalia na jicho moja. Nikapiga kelele: «Papy, panda! Natafuta chumba, sitafuti cobalt!» Akajibu kule chini: «Tata, hauwezi jua.» Majirani bote bakakuya kusimama ku lupango, mu kiwanja yetu. Kweli tulipata kitu: kijiko ya mama yako, ile alisema dada yangu aliiba mwaka 2011.

Bei, shikilia kiti. Simenti ilikuwa dola kumi na mbili gunia, leo kumi na sita. Muuzishaji anasema ni barabara. Barabara ni juu ya mafuta. Mafuta haisemi kitu. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu: chumba ya kuongeza pembeni ya nyumba, unajenga kuta tatu tu, ya ine unaikopa ku nyumba yenyewe. Njo maana masikini anaweza.

Hapa njo nguvu ya mama yako inaingia. Alitoka na mwiko mu mukono, akaangalia kamba ya Papy, akasema: «Tharcisse, mukwe wangu atalala nyuma ya ukuta yangu?»

«Ndiyo.»

«Paa moja?»

«Paa moja, mama, manjanja, mabati ya leo, ni bei.»

«Hapana! Anisikie nakoroma? Kwetu Malemba, mukwe mwenye hajaleta mbuzi ya kutoa haya, mama-mukwe hakai naye chini ya paa moja. Jenga ukuta ya ine, paa yake mbali, na upepo upite katikati.»

Nikamuambia ukuta ya ine ni matofali mia tano na gunia sita. Akajibu: «Haya haina bei.» Mi nasema iko na bei, mi njo naona facture.

Basi, kuta ine. Kama muko na kitu kidogo, mutume. Kama hamuna, mutume salamu, tutazichanganya na muchanga.

Tata yako


Lubumbashi, tarehe 23 juni 2024

Tata yangu mupenzi,

Barua yako ilifika na harufu ya mazut ya René, tukaisoma mbele ya kukula. Shekina iko muzima, anakimbia tu akisema «chumba yangu ya Kolwezi» kwa batu bote ba avenue. Goti yako, uipake mafuta, usiitukane. Ndani ya bahasha kuna dola makumi munane.

Lakini Tata, hii fasi soma polepole. Mama anasema Hénock hajaleta mbuzi? Hénock alileta. Ilikuwa disemba 2018, wiki mbili mbele ya ndoa. Dume mweusi, masikio nyeupe. Mi mwenyewe nilimufunga kamba ku shingo. Mama alikuwa ameenda matanga kule Malemba, njo maana René aliifikisha ku mikono yako. Leo tena nilimuuliza René, akasema: «Nilimupatia muzee, akanishukuru sana.»

Hénock alisoma barua yako juu ya bega yangu. Hakucheka. Akasema: «Karibu miaka sita mama yako akiniona anafunika kichwa, anapita nyuma ya nyumba. Nilifikiri mbuzi yangu alikuwa mudogo. Kumbe mu kichwa yake mi nilichukua binti yake bure, kama kuku ya njia.» Sasa anasema hatakaa fasi anadharauliwa. Ataenda Kolwezi peke yake, alale mu dortoir ya bafanyakazi, mi na Shekina tubakie huku. Tarehe kumi na tano ogusti analipa kitanda.

Tata, unajua bwana mwenye anaenda Kolwezi peke yake. Jirani yangu Marlène, bwana yake alienda ya miezi mitatu tu. Sasa ni mwaka wa tatu, na mutoto anamuita baba yake «tonton wa ku simu», kama mujomba tu.

Mbuzi ilienda wapi?

Mutoto yako, Wivine


Kapata, tarehe 2 julai 2024

Wivine mama yangu,

Salamu zenu zilifika, dola pia zilifika, na dola njo zilisalimia muzuri kupita zote. Nafurahi Shekina iko na mbio. Ni miguu ya upande yangu.

Kuta zilifika ku dirisha! Kama ungekuwa hapa ungepiga vigelegele. Papy anajenga na anaimba, na akiimba tofali zinaenda mushazari kidogo, basi nilimuomba aimbe za kanisa tu. Chumba inakuwa muzuri kupita nyumba. Jirani yetu mama Henriette alikuya kuangalia mara tatu, anasema eti anatafuta kuku yake.

Simenti ilifika kumi na tisa. Kumi na tisa! Wakati nilikuwa ku kampani, na feza ile ningenunua simenti, bia, na muuzishaji mwenyewe. Na ule ukuta ya ine unakula kama mugeni mwenye alikosa bus. Katikati yake na ukuta ya mama yako tuliacha nafasi ya mukono moja. Paka ya Henriette iliingia mule asubui, ikatoka saa kumi na sura ya mutu mwenye alivuka mupaka bila karatasi. Feza ya manjanja yote ilikwisha mule. Leo niko na chumba ya kuta ine na mbingu. Mbingu ni bure, lakini masika inakuya.

Uliuliza pia kitu juu ya mbuzi. Mutoto yangu, mbuzi ni kitu ya njia. Inapita. Miaka pia inapita, na marais, na bei. Nani anaweza kukumbuka mbuzi moja ya 2018? Muambie Hénock ni mukwe muzuri, mi sina neno naye hata kidogo. Na ile mbuzi yake banasema ilikuwa na mafuta muzuri sana, zaidi ku mbavu.

Pakeni mutoto mafuta ku kifua.

Tata yako


Lubumbashi, tarehe 10 julai 2024

Tata,

Jambo. Tuko wazima, sina wakati ya kurefusha.

Nani «banasema»?

Ulikula mbuzi ya Mama. Karibu miaka sita bwana yangu anapita ku lupango yenu kama mwizi, Mama anafunika kichwa, na wewe unakaa katikati unakunywa munkoyo! Sasa unajenga ukuta muzima ya dola mia na zaidi juu ya kuficha mifupa!

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Hénock sikumuambia, na sitamuambia. Kinywa yenye ilikula njo itasema. Uambie Mama. Kama mbele ya tarehe kumi na tano ogusti hajasikia kwa Mama mwenyewe kama mbuzi yake ilifika, Hénock analipa kitanda, na chumba yako utaweka kuku.

Mutoto yako, Wivine


Lubumbashi, tarehe 29 julai 2024

Tata,

Uko muzima? René anasema kila juma anakuona unakaa mbele ya nyumba, unamupungia mukono, na haumupatie kitu. Anasema pia Papy hayuko tena juu ya ukuta, na Mama akisalimiwa hajibu.

Mulango ya dortoir iko wazi. Jana Hénock alianza kukunja nguo zake, zake tu.

Wivine


Kapata, tarehe 6 ogusti 2024

Wivine mama yangu, na Hénock, na Shekina, bote batatu mukae chini, musome pamoja, leo sifichi mutu,

Muko wazima? Mi niko muzima, na ni ajabu.

Hénock, mukwe wangu, mbuzi yako ilifika. Ilifika na afya, na kiburi. Siku ya pili ikakula suruali yangu ya misa ku kamba, upande moja muzima wa muguu. Mi na rafiki yangu Sadrack tulikaa, tukaihukumu. Sadrack alikuwa na chumvi. Mama yenu Adolphine aliporudi kutoka Malemba akauliza: «Mukwe hajatuma kitu?» Nikasema: «Bado.» Nilitaka kununua ingine kesho yake. Kesho ikawa na bei yake, ile ya kuifuata pia. Na kila mwaka «bado» ilikuwa inazidi uzito, mpaka ikakuwa ukuta.

Nilimuambia mama yako siku ya kuweka linteau juu ya mulango. Nilichagua siku ile juu Papy alikuwa karibu na iko mutu wa nguvu. Haikusaidia. Papy alishuka ku ngazi, akaniacha. Mama yako hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliweka mwiko chini, akauliza tu: «Ule mutoto ya benyewe, nilimufunika uso miaka sita bure?» Akaingia ndani. Wiki mbili hakunisemesha. Nilikuwa naishi na kuku, na kuku pia zilikuwa upande yake.

Basi nikamuita Papy, nikamuambia: bomoa ukuta ya ine. Akashika kichwa: «Tata, simenti yote ile!» Bomoa. Tuliokoa matofali mia tatu na makumi ine, simenti haikurudi mu gunia. Mama Henriette akayanunua yote ya jikoni yake, tena kwa bei ya huruma, yaani mi njo nilimuhurumia. Nikaongeza redio. Nikatembea mpaka soko ya Dilala na goti yangu, nikanunua mbuzi. Dume mweusi. Masikio nyeupe sikupata, haki ya Mungu nilizunguka.

Wanamoto, benye pikipiki, hakuna mwenye alikubali kuibeba. Nikarudi naye kwa miguu, mukono ku kamba, Kapata yote inje: «Muzee Tharcisse, unaoa tena?» Nikapiga magoti mbele ya mama yako, magoti yote mbili, hata ile ya syndicat, nikasema: «Mama Adolphine, hii ni ya mukwe yako Hénock. Ilichelewa njiani miaka sita.»

Aliiangalia sana. Akaipima mugongo na mukono. Akasema: «Suruali zako uzitoe ku kamba.»

Juma mosi ilichinjwa. Bamama bote ba kanisa bakakula, Henriette akakula, Papy akakula mara mbili. Mi nilipewa bukari na majani ya muhogo, peke yangu, ku kiti ya mutoto, na kila mwenye anapita na nyama ananiambia «bon appétit». Mama yako alikula ile ya ku mbavu, pole-pole, akiniangalia mu macho. Hénock, kwa desturi ya kwetu ilikwisha. Alikula, basi haya ilitoka. Hatakufunikia uso tena.

Paa itakuwa moja. Kuta tatu na ile ya nyumba, kama nilisema tangu mwanzo, lakini leo sina ruhusa ya kusema nilisema.

Sasa kitu ingine. Jana mama yako alimuita Papy, akamuonyesha ule ukuta yetu ya katikati, ule chumba inakopa, akasema: «Kata mulango hapa. Mujukulu hatazunguka inje kwa mvua juu ya kufika kwangu.» Papy akaniangalia. Mi nikaangalia mbingu. Wakati tofali ya kwanza ilianguka nikaona sahani zetu kupitia chumba yenu, nikapiga vigelegele mi mwenyewe, muzee muzima.

Nikamuuliza bibi yangu: na mulango yenyewe, ya mbao, feza itatoka wapi? Njo hapa akaniambia nikamate bic, niandike neno kwa neno. Ni neno ya kwanza anatuma kwa mukwe yake tangu Mungu alimupatia mukwe:

«Hénock. Mbuzi yako nilikula, ilikuwa muzuri. Feza ya muzee ilikwisha. Mulango, ulete wewe.»

Tata yenu, nkambo ya Shekina


Lubumbashi, tarehe 13 ogusti 2024

Tata, Mama,

Tuko wazima, tuko wazima sana! Hénock alisoma barua kwa sauti mpaka ku suruali ya misa, akashindwa, mi nikaendelea. Tulipofika ku maneno ya Mama akakamata karatasi, akatoka kusimama inje ku mulango muda murefu, Shekina anamuvuta mukono.

Leo kitanda hakukwenda kulipa. Alienda kwa seremala na feza ya kitanda. Mulango ni ya mbao ya mulombwa, nzito kama deni ya serikali, na René anaomba nauli ya mutu muzima juu yake. Bamebishana tangu asubui. Tutasafiri naye tarehe makumi mbili na ine, sisi batatu na mulango.

Mama, Hénock iko na swali moja, na alinikataza nisiandike kitu ingine mbele ya kuuliza hii. Seremala anangoja kufunga bawaba. Mulango ifungukie upande gani, kwenu ao kwetu? Anasema utachagua wewe, yeye hataki kukosea kitu ya kwanza ulimuomba.

Batoto benu